Niliyoyaona Norwe Nilipokuwa Mfanyakazi wa Kujitolea

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya ng'ambo, nami nimekubali kwa sababu kila nikija hapa vijana huniuliza njia ya kufika Ulaya. Ni wachache wanaouliza watakwenda kufanya nini.

Mimi nilikwenda Norwe mwaka 2006, nikiwa na umri wa miaka 24, baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikwenda chini ya mpango wa Fredskorpset. Shirika hilo la serikali ya Norwe lilianzishwa mwaka 1963 ili kupeleka vijana wao katika nchi changa. Tangu mwaka 2000 utaratibu ukawa wa kubadilishana: wao waje kwetu, na sisi twende kwao. Tangu mwaka 2018 linaitwa Norec. Basi nilipokuwa kwao, binti mmoja wa Kinorwe alikuwa mkoani kwetu akifanya kazi.

Nilipangiwa mji wa Tromsø, kiasi cha kilometa 350 kaskazini ya Duara la Aktiki. Jambo la kwanza lililonishangaza ni giza. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Saa sita mchana huja mwanga wa buluu kwa muda mfupi, kisha usiku unarudi. Wenyeji hunywa mafuta ya ini la samaki, huwasha mishumaa madirishani, na watoto huenda shule kama kawaida. Jua linaporudi, watu hula maandazi maalumu ya kulikaribisha. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wale huheshimu saa: asiyeweza kutazama jua hana budi kutazama saa.

La pili ni ukimya. Ndani ya basi kila mtu hukaa peke yake, na hakuna anayemwuliza mwenzake habari za nyumbani. Shikamoo hakuna, mkubwa na mdogo huitana kwa majina. Kwa mtu aliyelelewa kwetu, jambo hilo ni zito. Lakini watu haohao, theluji ikiisha, hutoka majumbani na mafagio na koleo kusafisha mtaa pamoja, bila malipo, kisha wakanywa kahawa. Kazi hiyo huiita dugnad. Sisi wa Kilimanjaro na Tanga tunaijua kwa jina la msaragambo.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya wazee. Niliwasaidia kula, nikawasukuma katika viti vya magurudumu, nikakaa nao. Mgeni kutoka Afrika akiona wazee wale, husema upesi kwamba Wazungu wamewatupa wazazi wao. Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, ambaye ndiye aliyenifundisha Kinorwe, aliniuliza siku moja: "Bibi yako anatunzwa na nani?" Nikamjibu kwamba anatunzwa na mama yangu. Akauliza tena: "Na mama yako analipwa nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Bibi alikuwa hajiwezi kwa mwaka wa pili. Mama alikuwa amefunga genge lake sokoni, na ada za wadogo zangu zilitoka katika genge hilo. Kule, halmashauri ya mji ndiyo yenye wajibu wa kuwatunza wazee, na huajiri watunzaji kwa fedha za kodi. Mzee wangu alikuwa na dawa, chakula na kitanda safi, lakini hakuwa na mjukuu wa kumpigia kelele. Bibi alikuwa na wajukuu tele, na mzigo wote ulikuwa juu ya mgongo wa mwanamke mmoja. Kila upande una gharama yake, na gharama hiyo yuko anayeilipa.

Leo ninafanya kazi ya serikali katika ustawi wa jamii. Faili la mzee likifika mezani kwangu, huuliza kwanza habari za yule anayemtunza: anakula nini, analala saa ngapi, ameacha kazi gani. Swali hilo sikulipata chuoni.

Vijana, neno juu ya fedha. Posho ya mtu wa kujitolea ni ya kujikimu tu. Ilinitosha kwa chakula na nauli, wakati nyumbani walikuwa wakinisubiri nijenge nyumba ya matofali. Anayekwenda awaambie jamaa zake ukweli huo kabla ya kupanda ndege.

Tena, msiende mikono mitupu. Wazee wa Tromsø walipenda nilivyowaamkia kila asubuhi, mmoja mmoja, nikawauliza wameamkaje. Adabu hiyo nilifunzwa nyumbani na katika shule hii, nayo ilikuwa na thamani kule kuliko cheti changu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Basi ajiulize kila anayetaka kusafiri: mwenyeji atapona kwa lipi?