HABARI YA LORI LETU: DEREVA HAKUWA NA KOSA

(Maelezo ya Kamati ya Usafiri mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tumesimama kueleza habari ya lori, na kueleza pia kosa letu. Mtuvumilie.

Wote mnakumbuka Bedford letu lilivyokuwa gumu. Kukata kona za kuteremkia Mbinga na shehena ya kahawa kulikuwa kazi ya kuvunja mabega. Ndipo tukakubaliana hapa hapa mkutanoni, tukanunua boksi la pawa stelingi lililotoka kwenye lori jingine pamoja na pampu yake, fundi akafunga. Usukani ukawa mwepesi, hata mtoto angeuzungusha. Tukapiga makofi.

Haukupita mwezi dereva akaanza kulalamika: "Jamani, hili lori linatangatanga." Sisi tukamjibu: tangu lini usukani mwepesi ukamshinda dereva? Siku ile lori lilipoacha njia na kugonga ukingo, magunia yakiwa juu, tukasema amelewa. Bahati yetu liligonga upande wa mlima. Upande wa pili ni korongo. Tukamkata nusu ya mshahara.

Basi, juma lililopita tuliingia uvunguni sisi wenyewe pamoja na fundi mwingine. Tuliyoyaona ni haya.

Kwanza, ncha za tairodi zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimechoka tangu zamani, ila wakati ule mikono ya dereva ilikuwa ikisikia ulegevu mapema. Pawa stelingi haiponyi ulegevu, inauficha tu. Njia ya kupima ni rahisi. Lori lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe yamewekwa kwenye magurudumu, injini inawaka. Mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine achungulie kutoka pembeni kiungo kimoja kimoja, bila kuingiza mikono. Kiungo kinachocheza gurudumu likiwa bado limetulia, hicho ndicho kibovu.

Pili, boksi halikuwa katikati. Boksi la usukani hukaza zaidi pale katikati yake, na pembeni huwa na nafasi ya kucheza. Letu, ukizungusha kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, ni mizunguko minne. Basi magurudumu yakinyooka liwe kwenye mzunguko wa pili kamili. Tukakuta liko kwenye mmoja na robo! Fundi wa kwanza alikuwa amechomoa usukani na kuurudisha ili uonekane umenyooka. Machoni safi, ndani upogo. Dawa yake ni kurekebisha urefu wa ile fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda gurudumuni, siyo kuhamisha usukani.

Tatu, na hili lilitutia baridi: chesisi ilikuwa imeanza kupasuka pale bolti za boksi zilipopita. Ufa mwembamba kama unywele. Boksi la pawa linasukuma kwa nguvu nyingi kuliko la zamani, nalo lilifungwa kwenye chuma kitupu bila bamba la kuongeza nguvu. Tumetoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, tukachomelea, tukaweka bamba nene la chuma, ndipo tukafunga boksi upya.

Nne, ule mguno mliokuwa mkiusikia lori likikata kona ulikuwa upepo ndani ya mafuta. Mafuta yalikuwa na povu kama togwa. Tulinyanyua magurudumu ya mbele, injini imezimwa, tukajaza mafuta, tukazungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi huku tukiongeza mafuta. Kisha tukawasha injini tukarudia, mpaka povu likaisha.

Sasa lori linakwenda njia yake. Tunaomba mambo matatu yashikwe. Kila asubuhi utingo aangalie nati za boksi, mafuta na mkanda wa pampu. Dereva asiukandamize usukani ukiwa umefika mwisho, maana mafuta huchemka na pampu hufa. Na ule mtindo wa kuzima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta, sisi wenyewe ndio tuliousifu, na leo tunaukataza. Injini ikizimika pampu nayo inasimama, na usukani unakuwa mgumu kuliko ule wa zamani, tena katikati ya kona.

Mmoja wenu ameuliza kwa nini tusirudishe boksi la zamani. Ndugu, pawa haina ubaya. Ubaya ni kufunga kitu kipya juu ya ubovu wa zamani, halafu anayelalamika tukamwita mlevi.

Kwa hiyo Kamati inaomba mkutano ukubali dereva arudishiwe fedha yake yote, na iandikwe hapa ukutani kwamba hakuwa amelewa. Alituambia ukweli, sisi hatukusikia. Tunamwomba radhi mbele yenu.

Mwenye shaka aje uvunguni, taa ipo.

Umoja ni nguvu.

KAMATI YA USAFIRI