Pumzi Inayotoka



Mtu akishikwa na wahaka mbele yetu, moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka, neno letu la kwanza ni "vuta pumzi". Jioni hii nataka kulipinga neno hilo. Mara nyingi mtu huyo amekwisha kuvuta kupita kiasi.

Anapohema upesi hupoteza hewa ukaa nyingi kuliko inayotengenezwa mwilini. Hewa hiyo tumezoea kuiona uchafu, ila damu inaihitaji kwa kiasi chake. Ikipungua, mishipa ya ubongo husinyaa, kizunguzungu huja, vidole na midomo hufa ganzi. Naye akihisi hayo hudhani anakufa, akazidi kuhema. Wasimamizi wa mitihani wanamjua mwanafunzi huyu: wenzake wamemzingira, wanampepea kwa daftari, na kila mmoja anamhimiza avute zaidi.

Sasa naomba kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, atafute mapigo. Vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha iachie polepole zaidi ya ulivyoivuta. Wengi mtayasikia mapigo yakiharakisha kidogo mnapovuta, yakipoa mnapotoa. Vijana watayasikia waziwazi; wazee wenzangu msihofu mkikosa, maana tofauti hiyo hufifia na umri. Carl Ludwig, Mjerumani, aliieleza mwaka 1847 baada ya kuipima kwa mbwa.

Tofauti hiyo inaletwa na neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo, ikapita shingoni na kushuka hadi moyoni na tumboni. Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz, aliichokoza neva hiyo kwenye moyo wa chura, moyo ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyopita kwenye moyo ule, akayatia kwenye moyo wa chura wa pili, nao ukapunguza mwendo ingawa haukuwa na neva iliyochokozwa. Neva ilikuwa imeachia kemikali tunayoiita leo asetilikolini. Neva hiyo ndiyo breki ya moyo: tunapotoa pumzi hukazwa, tunapovuta hulegezwa.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha utafiti wa watu 23 waliosali Salamu Maria kwa Kilatini, na wakati mwingine wakatamka mantra ya yoga. Kwa vyote viwili pumzi zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, na mawimbi ya mapigo na ya shinikizo la damu yakaanza kwenda pamoja. Natamani mwanafunzi wa hapa chuoni aupime uradi wa misikitini mwetu kwa namna hiyohiyo.

Asiye na rozari wala tasbihi avute kwa hesabu ya nne, tumbo linyanyuke, mabega yatulie, kisha atoe kwa hesabu ya sita. Ajizoeze siku asizo na hofu. Anayengoja mlango wa chumba cha mtihani amechelewa.

Ule mfuko wa karatasi wa kwenye sinema, anaopumulia mwenye wahaka, tuuache, maana mwenye pumu au mshtuko wa moyo anaweza kufa nao. Kifua kikiuma, au pumzi ikikataa kurudi, twende hospitali kwanza, kuhesabu baadaye.