Mvumo usimezwe na kumbukumbu



Majumba mengi ya mjini bado yana kaseti kabatini: hotuba ya babu siku ya harusi, taarabu ya miaka ya 1980, sauti ya mama ambaye leo ni marehemu. Utepe unachakaa, na redio kaseti nzima zimekuwa adimu. Wanaohamishia sauti hizo kwenye kompyuta wanafanya jema.

Tatizo ni ule mvumo wa "mmm" usiokoma. Simamisha kaseti. Mvumo ukiendelea, chanzo si kaseti, huenda ni nyaya. Umeme wa Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde. Amplifaya na kompyuta zikichomekwa kwenye soketi mbili zenye waya wa ardhi, kisha zikaunganishwa kwa waya wa sauti, hutokea kitanzi. Kitanzi hicho ndicho kinachoingiza mvumo.

Tiba haina gharama. Chomoa chaja, kompyuta mpakato itumie betri. Mvumo ukitoweka, mwizi umemkamata. Ama chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja.

Wapo mafundi wa mitaani wanaokata waya wa ardhi. Kelele hunyamaza kweli, lakini siku umeme ukivujia kwenye bati la amplifaya, atakayeligusa anaweza kufa. Msikubali!

Basi nasa dakika moja, uisikilize kwa makini, ndipo unakili kaseti nzima. Weka nakala mbili, mahali pawili. Marehemu haitwi studio kurekodi upya.