Chura na Birika Lake

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya sala ya Alasiri)



Ndugu zangu, wazazi wetu. Juzi watoto walimkuta chura kwenye birika la kutawadhia. Kabla sijafika walikuwa washampiga mawe, amekufa. Nilipowauliza kisa, mmoja akanijibu, "Ustadhi, si chura tu?" Jibu hilo ndilo lililonisimamisha mbele yenu leo.

Twendeni mbali kidogo, kisiwa cha Jamaika. Thuluthi mbili hivi za kisiwa hicho ni mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama chini upesi, na madimbwi ni haba. Sasa chura atazalia wapi?

Anapanda juu. Kwenye miti ya huko kuna mimea iitwayo bromelia, jamaa ya mnanasi. Mnanasi mnaujua: majani yake yamekaa kwa duara, yamebanana shinani. Bromelia ni hivyo hivyo, ila nyingi huota juu ya matawi. Haziunyonyi mti, zimejishikiza tu. Maji ya mvua hutuama pale majani yanapokutana. Hilo ndilo birika la chura.

Jamaika ina aina nne za vyura wa mitini ambao asili yao ni huko tu, na wote wanne huzalia humo. Mama hutaga mayai majini, yakianguliwa hutoka viluwiluwi.

Hapa ndipo penye mtihani. Birika ni dogo, hewa ndani ya maji ni kidogo, na chakula hakitoshi. Watoto watakula nini? Wataalamu walimchunguza mmoja wa vyura hao, aitwaye kitaalamu Osteopilus ocellatus. Wakaona kuwa mama huwarudia wanawe. Akirudi hutaga mayai mengine mle majini, na viluwiluwi huyala. Ndiyo riziki yao mpaka waote miguu na kutoka.

Jamani, huyo ndiye "chura tu". Asiporudi, wanawe watakufa njaa. Na je, akirudi akakuta mti umekatwa?

Swali hilo si la mzaha. Tangu 1952 Jamaika husafirisha boksiti, udongo unaotolewa aluminiamu, ile ya sufuria zetu. Kuchimba udongo huo ni lazima msitu ufyekwe kwanza, na mti ukianguka, birika nalo limemwagika. Mwaka 2017 serikali ya huko ilitangaza mipaka ya eneo la kuhifadhiwa katika nchi ya vilima iitwayo Cockpit Country, lakini ubishi juu ya uchimbaji kando yake haukwisha. Sisi tuko mbali, lakini sufuria tunazo.

Turudi kwetu. Tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akakataza asiuawe. Ikiwa kwa dawa amekatazwa, kwa mchezo je?

Basi nimekubaliana na watoto wale: wakimkuta chura birikani, wamtoe kwa kopo, wamweke kwenye majani yenye kivuli, kisha wabadilishe maji. Na yule aliyenijibu "si chura tu?" ndiye niliyemkabidhi kopo. Wazazi, naomba mnisaidie kumkumbusha.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.