Arubuni ya Harusi: Ni Haki ya Nani?



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu, leo tuzungumze jambo tunalolinong'ona tu majumbani: pesa za arubuni.

Mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 13 Machi serikali ilipiga marufuku mikusanyiko. Misikiti ikafungwa, kafyu ikaingia. Harusi zilizopangwa baada ya Idi zikabaki hewani. Julai 6 zikaruhusiwa, lakini watu wasizidi 100. Na wewe umealika 400! Ukumbi ushalipia, mpishi ushampa chake, mahema ushashikisha. Wako waliogombana kwa arubuni hizo, wakawa hawasalimiani, na safu wanasali moja.

Je, arubuni ni ya nani? Maulamaa wamekhitilafiana. Jumhuri, nao Mashafii wamo, hawamruhusu muuzaji kuila arubuni mnunuzi akighairi. Imam Ahmad bin Hanbal aliruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa mwaka 1993 likaruhusu pia, kwa sharti muda uwekwe. Lakini hapo anazungumziwa mtu aliyeghairi kwa hiari yake. Mwaka 2020 nani alighairi? Balaa ilitupata sote. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyeuza matunda kuchukua mali ya nduguye pindi matunda yakipatwa na balaa.

Hata hivyo tusidhulumu upande wa pili. Chukua mfano: umempa mpishi Sh30,000, naye ameshanunua mchele na viungo vya Sh12,000. Ukidai zote unamtia hasara. Akizuia zote amekula jasho lako. Akuonyeshe risiti, chukua mchele wako au mkubaliane juu ya hizo 12,000, na Sh18,000 akurudishie. Hana kitu kwa sasa? Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 280, inatuamrisha kumpa muda mwenye dhiki. Mlipane kidogo kidogo, na muandikiane.

Mkishindwa, tafuteni mzee au imamu awapatanishe. Ikishindikana kabisa, msikimbilie kwa Kadhi. Mahakama yake ni ya ndoa, talaka na mirathi, si ya ukumbi na viti. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Nenda na mkataba, risiti na ujumbe wa M-Pesa, usiufute! Wala usilale, kwa kuwa dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6.

Na wewe unayetaka kuoa baada ya Idi, kabla hujatoa hata shilingi andika mambo matatu: arubuni ni kiasi gani, ikitokea dharura inarudi ngapi, na kwa muda gani. Usione haya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni.

Mwisho, ndugu zangu, nikaha yataka mume, mke, walii, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli. Ukumbi haumo. Basi usiicheleweshe nikaha kwa kungoja pesa za mahema.

Na wewe uliyeshika arubuni ya mwenzio, mwezi ndio huu. Mpigie simu kabla ya kufuturu leo.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.