MTAJI HAULIWI: FUNZO KUTOKA GAZI

(Mada iliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya vijana na wazazi)



 

Kila Ramadhan sisi vijana huchanga. Tunanunua unga, mchele na tende, tunapakia gari, tunaenda vijijini. Ni jambo jema, wala lisiachwe. Lakini Idi ikishapita, kijiji kinabaki na shida ileile. Hata tukichimba kisima, ni wangapi kati yetu huuliza: pampu ikiharibika, nani atailipia?

Hebu tutazame mfano ulio karibu nasi. Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kwale, kusini mwa Mombasa. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwandani, sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Mkoko ukiondoka, samaki wanakosa pa kuzalia na bahari inakula ufuo. Miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI pamoja na wanakijiji wakaanza kupanda upya.

Mwaka 2013 Gazi na jirani zao wa Makongeni wakaanzisha mradi wa Mikoko Pamoja. Mkoko hufyonza hewa ya kaboni, ukaihifadhi kwenye shina, mizizi na tope. Wanakijiji wanatunza hekta 117. Kaboni inayozuiwa, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, hupimwa, huthibitishwa, kisha huuzwa kwa watu na makampuni ya ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa zinarudi kijijini.

Ndugu zangu, nimeona mambo matatu hapa.

Kwanza, mtaji hauliwi. Sisi Waislamu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Shamba la waqfu haliuzwi. Zinazouzwa ni nazi, na hizo nazi ndizo zinazoendesha msikiti na madrasa. Gazi wamefanya vivyo hivyo: mti unabaki umesimama, na faida yake ndiyo inayotumika.

Pili, wenyewe ndio wanaoamua. Kuna kamati iliyochaguliwa na wanakijiji, na matumizi hujadiliwa barazani. Pesa hizo zimeleta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule. Aliyeamua mwenyewe atalinda. Aliyeletewa tu atangoja aletewe tena.

Tatu, aliyekatazwa kukata amepewa badala yake. Walipanda mivinje ili watu wapate kuni na nguzo. Mama hawezi kupikia mawaidha!

Sisemi ati Gazi umaskini umekwisha, la. Pesa za kaboni si nyingi zikigawanywa kwa watu wote, na soko lake liko mbali. Lakini mradi haukufa. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao.

Sasa turudi kwetu. Kabla hatujachimba kisima kingine, tukae na wanakijiji tuulizane: mwenyewe ni nani? Pesa za matengenezo zitatoka wapi? Hesabu itasomwa wapi, na mbele ya nani?

Mapendekezo yangu ni kila nyumba itoe shilingi chache kwa mwezi, ziwekwe na kamati yenye kina mama ndani, maana wao ndio wachotaji. Najua wako watakaosema, "Maji ya sadaka yatozwe pesa?" Hatuuzi maji, tunalinda kisima. Asiye na uwezo achote bure, asiulizwe. Pampu ikifa, yeye ndiye wa kwanza kurudi kwenye dimbwi analonywesha ng'ombe.

Vijana wenzangu, tunaita sadaka jariya, yaani inayoendelea. Basi tuhakikishe inaendelea. Kisima kilichokauka chenye kibao cha jina letu hakimfai mtu kitu.

Allah atukubalie saumu zetu na atupe ikhlasi katika kazi hii. Amin.