Kuweka Mashine ya Kufulia Nyumbani: Maji, Stima na Jirani wa Chini

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi katika kikao cha mtaa, yaliyofupishwa kidogo.

Najua kwa wengi wetu Jumamosi ni siku ya kufua.

Nianze kwa kuungama. Niliponunua mashine yangu ya kwanza ya kufulia, niliiunganisha mwenyewe jioni ileile nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilipofika hatua ya kukamua, ilianza kutembea. Ilivuka nusu ya jikoni, ikauvuta mpira wa maji machafu kutoka kwenye sinki, na maji yakashuka hadi kwa mama anayeishi chini yangu. Nilimlipia godoro. Kosa lilikuwa langu: sikufungua kijitabu cha maelezo, wala sikutoa bolti za safari.

Bolti hizo, tatu au nne, huwa nyuma ya mashine. Kazi yake ni kushikilia pipa la ndani lisigongwe mashine ikiwa kwenye lori. Zitoe zote kwa spana, uzibe matundu kwa vifuniko vilivyomo kwenye kasha, kisha uzihifadhi. Siku ukihama kutoka Kiamunyi kwenda Naivasha utazihitaji tena.

Pili, sakafu. Weka mashine juu ya simiti au vigae vilivyo imara, si juu ya mbao wala zulia. Tumia pima maji, au hata bakuli la maji, kuona kama imelala sawa. Zungusha miguu yake hadi isiyumbe ukiibonyeza kila pembe, kisha ukaze nati za miguu hiyo.

Tatu, maji, na hapa Nakuru jambo hili lina uzito wake. Wengi wetu tunapata maji kwa zamu, kwa hiyo tunategemea tangi. Kimo cha mita 10 za maji hutoa shinikizo la takriban baa 1. Mashine nyingi za kufungulia mbele huhitaji angalau baa 0.3 hadi 0.5. Maana yake ni kwamba tangi lililo mita mbili tu juu ya mashine halitoshi. Mashine itangoja maji hadi ichoke na kuonyesha hitilafu. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu kabla ya kununua. Kama tangi lako liko chini, inua tangi, weka pampu ndogo, au chagua mashine ya kujaza kwa ndoo. Piga hesabu pia: mashine ya mbele hutumia kama lita 50 kwa mfuo mmoja, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Ya kufungulia juu huweza kupita lita 100.

Maji yakirudi baada ya siku kavu, huja na matope. Fungua mfereji mwingine kwanza yatoke hadi yawe safi, ndipo ufungulie mashine. Kichujio kidogo kilicho mahali mpira unapoingia kisafishwe mara kwa mara. Na ukimaliza kufua, funga mfereji. Mpira ukipasuka usiku maji yaliporudi, utaamshwa na jirani.

Nne, maji machafu. Ncha ya mpira wa kutolea maji iwe juu kiasi cha sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Ikiwa chini mno, maji hutoka yenyewe huku mashine ikiendelea kujaza bila kushiba. Ufunge mpira huo usichomoke, wala usiusukume ndani sana ya bomba.

Mpira huo uishie kwenye bomba la maji taka au tangi la choo, kamwe usielekezwe kwenye mtaro wa mvua. Mitaro mingi ya mji huu huteremka kuelekea Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Sabuni ikiingia, inabaki. Hilo ndilo ziwa lililokuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka wa 1990. Tusilifanye karai la kufulia.

Mwisho, stima, na hapa naomba tusikilizane vizuri kwa sababu hapa watu hufa. Mashine inayopasha maji huvuta wati 2,000 au zaidi, kwa hiyo ipe soketi yake ya ukutani ya ampea 13. Usiunganishe kwa ekstensheni pamoja na friji na birika. Usikate plagi wala kuondoa waya wa athi, ule wa kijani na manjano. Kama nyumba haina athi, bati la mashine linaweza kubeba stima, na anayefua amesimama kwenye maji. Ukiguswa na mshtuko hata mdogo, zima swichi kuu ya nyumba na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo. Ukiwa mpangaji, mweleze mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta au kuongeza soketi.

Mfuo wa kwanza uwe bila nguo. Simama pale hadi mwisho, ukitazama viungo vya mipira na kusikiliza kelele. Ukiajiri mama fua, mwonyeshe pia jinsi ya kuzima mashine na kufunga mfereji. Usimwachie hatari usiyomweleza. Na wenye watoto, fungeni mlango wa mashine kila wakati.

Kazi yote hii huchukua saa moja au mbili. Mimi niliona ni nyingi, nikaishia kununua godoro nisilolilalia. Sasa nitapokea maswali.